Mama mkwe anatupanga chini ya mti radi ikipiga

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Isyonje, wilaya ya Rungwe. Nimeolewa huku, kwetu ni Mbozi. Tunalima viazi, na njegere na kabichi kidogo. Niko kwenye kikundi cha akina mama cha kupokezana mashamba: leo tunalima kwangu, kesho kwa jirani, hadi kila mtu amalize matuta yake kabla mvua haijakolea. Kiongozi wetu ni mama mkwe wangu. Ni mchapakazi, ananipenda na mimi nampenda, naomba nisieleweke vibaya.

Shida yangu ni hizi mvua za mwanzo, za mwisho wa Oktoba na Novemba. Asubuhi jua linawaka vizuri. Ikifika saa saba, saa nane, wingu linajifunga juu ya milima na ngurumo zinaanza. Mama mkwe hataki tuache kazi, anasema mvua bado iko mbali, tumalizie ngwe. Ikishuka, anatuita wote tusimame chini ya mti mkubwa wa mlingoti ulioko mpakani mwa shamba, tujifunike turubai moja. Mwaka jana radi ilipiga mti wa namna hiyo ng'ambo ya bonde, na mbuzi waliokuwa wamefungwa chini yake wakafa wote.

Tangu hapo nikisikia ngurumo miguu inaisha nguvu. Kuna siku nilimfunga mwanangu mdogo mgongoni nikaondoka kabla ya wenzangu. Nikatozwa faini ya shilingi elfu tano, ile ile anayotozwa mtu asiyefika kazini kabisa, na mama mkwe akasema mbele ya wote kwamba watu wa Mbozi ni waoga.

Halafu kuna mambo yanayosemwa huku. Tusivae nyekundu. Majembe tuyatupe mbali kwa sababu chuma kinaita radi. Mwenye mabuti ya mpira hapigwi. Na mtu akipigwa asiguswe mpaka aje mganga, maana radi nyingine ni za kutumwa, ukimgusa inakuhamia. Hili la mwisho linanitisha kuliko yote, maana nawaza siku aliyelala pale ni mwanangu.

Wakubwa wangu wawili wakitoka shule wananifuata shambani. Wanatembea kando ya lami, ambako malori ya kwenda mpaka wa Kasumulu yanakimbia hata kwenye ukungu, halafu wanavuka kijito ambacho mvua ikinyesha huko juu kinajaa ghafla. Mume wangu ni dereva, mara nyingi hayupo. Nikimpigia ananiambia kifo ni mipango ya Mungu, na nisimgombanishe na mama yake.

Nimefikiria kujitoa kikundini, lakini peke yangu shamba silimalizi. Jengo la karibu ni kanisa la matofali, mwendo wa robo saa kuteremka. Pia kuna kibanda cha nyasi cha kulindia viazi. Nifanye nini, na nimwambieje mama mkwe bila kuonekana sina adabu? Na je, ni kweli simu inaita radi?

Mama wa Watatu, Isyonje

Shangazi anajibu

Marahaba mwanangu, na pole na matuta.

Usijitoe kikundini. Lakini kwenye huo mlingoti usisimame tena, hata kama faini ni elfu hamsini.

Katika shamba zima, chini ya mti ule ndipo mahali pabaya kuliko pote. Radi hupenda kushukia kitu kirefu kilichosimama peke yake, na mlingoti wa mpakani ndicho kitu hicho. Ikishuka kwenye shina haibaki humo. Mwili wa mtu unapitisha umeme kirahisi kuliko mti, kwa hiyo radi huruka kutoka kwenye shina ikamwingia aliye karibu. Inayobaki husambaa ardhini kuzunguka mizizi, na hiyo ndiyo inayoua mifugo kwa wingi. Mbuzi ana miguu ya mbele na ya nyuma iliyoachana, umeme wa ardhini unapanda huku na kushukia kule, na moyo uko katikati ya njia. Wale mbuzi wa ng'ambo ya bonde hakuna aliyewaroga. Walifungwa kamba mahali ambapo ninyi mnakwenda kusimama kwa hiari. Na mkijibana wote chini ya turubai moja, pigo moja linatosha kikundi kizima, kisibaki hata mtu wa kwenda kuita msaada.

Kibanda cha nyasi nacho kiache. Kinazuia mvua tu, radi hakiizuii, na nyasi zinaweza kushika moto.

Kanisa ndilo jibu lenu. Jengo kubwa la matofali linawaweka mahali pazuri mara nyingi kuliko uwanda wowote. Mkifika, kaeni katikati, mbali na milango, nondo za madirisha, nyaya za umeme na kuta zenyewe. Msimame ndani, si barazani kuangalia mvua. Sikudanganyi kwamba jengo ni kinga kamili: Januari 2025 wanafunzi saba wa sekondari walikufa kwa radi wakiwa shuleni, wilayani Bukombe, mkoa wa Geita. Ila kati ya kanisa na mlingoti hakuna cha kufikiria. Gari lenye bodi ya chuma na vioo vilivyofungwa ni zuri pia. Ikitokea Noah au lori la mtu mnayemfahamu limesimama barabarani, ingieni. Bodaboda hapana, na bajaji hapana.

Sasa hesabu ya robo saa, maana hapa ndipo kikundi chenu kinapokosea. Robo saa ni ya mtu mzima mwenye mikono mitupu. Weka watoto, majembe, ndoo na njia ya utelezi, tuseme dakika ishirini. Sauti ya ngurumo husafiri kilomita moja kwa takribani sekunde tatu. Ukiona mmweko ukahesabu hadi thelathini ndipo ngurumo ikasikika, radi ile imepiga kama kilomita kumi kutoka ulipo, na kilomita kumi si mbali hata kidogo, kwani pigo linalofuata linaweza kuwa kwako. Radi huweza kupiga mahali ambapo tone la mvua halijafika na jua bado linaonekana. Kwa hiyo mama mkwe anaposema mvua iko mbali, huenda anasema kweli kuhusu mvua. Ngurumo ikisikika tu, tayari mko ndani ya eneo la hatari, na anayesubiri tone la kwanza ndipo akusanye jembe ameshachelewa dakika ishirini nzima.

Na kurudi kazini je? Subirini nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. Ikinguruma tena, nusu saa inaanza upya. Najua itawauma. Watu wengi hupigwa mwanzoni, kabla mvua haijaanza, au mwishoni, wakati kila mtu anasema imepita.

Njia nyepesi zaidi ni kuwa nje ya shamba mchana. Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya joto huku nyanda za juu. Jua la asubuhi linapasha moto miteremko, hewa yenye unyevu inapanda mlimani, inapoa, wingu linajengeka, na mchana radi zinaanza. Umelieleza vizuri mwenyewe: saa saba, saa nane. Basi kikundi kianze mara kukipambazuka, na ikifika saa sita majembe yawe yameoshwa. Jioni ya kabla sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa redioni. Wakitoa angalizo jueni kuna jambo, wakisema tahadhari lichukulieni kwa uzito zaidi, wakisema tahadhari kubwa kesho yake lalani nyumbani. Ila utabiri husemea mkoa au ukanda mzima. Hauwezi kukuambia mlima upi utapigwa saa ngapi, hapo masikio yenu ndiyo ya kutegemea.

Tuje kwa mama mkwe. Usilizungumze shambani, na usilizungumze siku yenye ngurumo. Alikusema mbele ya watu, ukimjibu mbele ya watu mtakuwa mnashindana, na katika shindano hilo wewe mke wa mwanawe umeshashindwa kabla hujafungua mdomo. Nenda kwake jioni, na kitu mkononi, sukari au majani ya chai. Usianze na mbuzi, wala usianze na "nilisoma mahali". Anza kwa kumuuliza. Huyo mama ameishi chini ya milima hiyo tangu ujana wake, anajua wingu la upande gani huleta mvua ya mawe na lipi hupita bila kitu, anajua upepo unavyogeuka kuwa baridi ghafla kabla ya dhoruba. Mwache aeleze. Kisha mwombe hivi: "Mama, sisi wengine hatujui kusoma mawingu kama wewe. Tunaomba wewe ndiye uwe unatuambia majembe chini, ngurumo ya kwanza tu, na tukisikia sauti yako hakuna wa kubisha." Unamkabidhi amri yenyewe. Sasa hivi anazuia watu kuondoka kwa sababu kuondoka kunaonekana kama kumkaidi. Kuondoka kukiwa agizo lake, sidhani kama atalizuia.

Kama ana wifi yako mkubwa anayemsikiliza, au mama mwenzake wa kanisani, mpitie huyo kwanza. Huko kwenu hakuna aibu mkwe kutuma mtu.

Kuhusu faini, hapo nasema wazi kwamba sheria yenu ni mbaya. Mtu aliyeondoka kwa ngurumo hawezi kuwekwa fungu moja na aliyelala nyumbani. Lakini nyuma ya faini kuna hofu ya haki: mwenye shamba la siku hiyo anaogopa kwamba mkikimbia mvua, ngwe zake zitabaki na zamu itasonga kwa mwingine. Ondoeni hofu hiyo na faini itakosa kazi. Kubalianeni kwamba shamba lililokatizwa na mvua ndilo linaloanza siku inayofuata, kabla ya zamu mpya. Pelekeni pendekezo hilo kwenye kikao, na litolewe na mtu ambaye zamu yake bado, ili lisionekane ni la kujitetea. Elfu tano uliyotozwa usiidai. Ukiidai, kikao chote kitakuwa cha elfu tano.

Haya ya nyekundu na majembe. Rangi ya nguo haina habari na radi. Tena hilo sweta jekundu wavalishe watoto, kwenye ukungu wa Isyonje dereva wa lori atawaona mapema. Chuma hakiivuti radi kutoka mawinguni. Kinachoivuta ni urefu na kusimama peke yako. Ila jembe ukilibeba begani na mpini ukiwa juu ya kichwa chako umejirefusha mwenyewe, kwa hiyo lilaze chini uende. Mabuti ya mpira yanafaa kwa tope. Radi iliyokata kilomita kadhaa za hewa haiwezi kuzuiwa na soli ya kidole kimoja.

Mkikamatwa njiani kabla ya kufika kanisani, endeleeni kuteremka, msikimbilie kilele wala mti ulio peke yake. Achaneni, kila mtu na mwenzake nafasi ya hatua kadhaa, ili radi ikimpata mmoja wengine wabaki wa kumsaidia. Nywele zikisisimka au ngozi ikiwasha, chuchumaa hapo hapo, miguu imebanana pamoja, kichwa chini. Usilale, kwa sababu aliyelala amempa umeme wa ardhini mwili mzima. Kuchuchumaa hakukulindi sana, ni kupunguza tu, ndiyo maana nimetumia maneno mengi kwenye kuondoka mapema.

Sasa lile la kutoguswa. Hili naomba ulisome mara mbili, na ukiweza wasomee wenzako.

Mtu aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Umepita na kwenda. Unaweza kumshika wakati ule ule, hakuna kinachokuhamia. Anayekufa kwa radi mara nyingi hufa kwa sababu moyo umesimama na pumzi imekatika, na dakika chache za mwanzo ndizo zinazoamua. Watu wengi wanaopigwa na radi huishi, na baadhi ya wanaokufa wangeishi kama aliyekuwa karibu angemgusa. Mganga akitumwa kuitwa, hata awe anaishi jirani, atakuta maiti.

Kwa hiyo: kama mahali bado ni hatari, mburute kwanza mtoke. Mwangalie kama anapumua. Kama hapumui, mlaze chali, weka kiganja katikati ya kifua chake, kingine juu yake, nyoosha mikono, bonyeza kwa nguvu na haraka. Kwa mtu mzima kifua kizame kama sentimita tano, mibonyezo 100 hadi 120 kwa dakika. Kwa mtoto mdogo tumia kiganja kimoja. Anayejua kupuliza pumzi apulize mara mbili baada ya kila mibonyezo 30. Asiyejua aendelee kubonyeza tu. Mkichoka pokezaneni, hiyo kazi mmeizoea. Kama wamepigwa wengi, mkimbilieni kwanza aliyenyamaza kimya. Anayelia anapumua, atasubiri. Wote, hata anayesema amepona, wafike kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa sababu radi huacha majeraha ya ndani, ya masikio na ya moyo ambayo hayaonekani kwa macho.

Imani ya radi ya kutumwa sitagombana nayo hapa, ni ya watu na ina mizizi. Mwambie tu mama mkwe kwamba hata anayeamini imetumwa anaweza kubonyeza kifua kwanza na kutafuta aliyeituma baadaye.

Watoto sasa. Siku zenye wingu, wasikufuate shambani kabisa. Tafuta nyumba karibu na shule ambako watakaa mpaka uwapitie, ulipe kwa debe la viazi. Kijito cha namna hiyo ni kibaya kwa sababu kinajaa kwa mvua ya juu huku ninyi mkiwa juani. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, sembuse wa darasa la pili. Wakikuta maji yamegeuka rangi ya tope au yanabeba majani na vijiti, wasivuke, hata kama mwanao mkubwa aliyavuka asubuhi. Wakae upande waliopo. Wazoeze kwamba kuchelewa kwa sababu ya mto hakuna kiboko, maana watoto wengi huvuka kwa kuogopa kugombezwa. Kwenye lami watembee upande wa kulia, wakiyaona malori yanayowajia usoni, mmoja nyuma ya mwingine.

Na kwa kuwa mnalima mteremkoni: mvua zikishakolea, Machi na Aprili, ardhi ikiwa imeshiba maji, hatari inabadilika. Aprili 2024 tope lilishuka kutoka Mlima Kawetere likafunika nyumba na shule pale Itezi, jijini Mbeya. Ukiona nyufa mpya juu ya shamba, miti iliyoanza kuinama, au chemchemi iliyokuwa safi imeanza kutoa tope, usingoje kikao. Toka, na umwarifu mwenyekiti wa kijiji.

Mkirudi mmelowa, vueni nguo mbichi kwanza, jifunikeni, mnywe chai ya moto yenye sukari. Kimpumu, ile pombe ya kienyeji, kinaleta joto la ngozi tu na mwili unazidi kupoa ndani.

Mume wako mjibu kwa upole kwamba Mungu yupo, na yeye pia hufunga mkanda akiendesha. Usimwombe amkemee mama yake. Mwombe ampigie simu amsifu kwa kuwasimamia wenzake vizuri na kwamba amesikia anataka kuanzisha utaratibu wa ngurumo ya kwanza. Hiyo anaiweza hata akiwa Tunduma.

Simu ya mkononi haiiti radi, iwe mfukoni au sikioni. Isiwe tu imechomekwa kwenye chaji ya ukutani wakati radi inapiga, kwa sababu umeme hupita kwenye waya. Weka humo 114 ya Zimamoto na Uokoaji, na juu yake namba ya mtu mwenye Noah pale Isyonje, kwa sababu huyo ndiye atakayefika kwanza.